Kumtazama Mrushaji Pemba, Msimu wa Karafuu

Ijumaa, bandari ya Malindi, Unguja

Askari wa mlangoni alifungua begi langu akatoa kipima mwendo, akakigeuzageuza mkononi. "Wewe trafiki?" Nikamwambia hapana, nakwenda Pemba kumtazama mtoto anayerusha mpira. Akacheka, akawaita wenzake waje waone tochi isiyokamata magari. Tochi ya barabarani kila mtu anaijua. Ya besiboli kazi yake ni ile ile, ila anayepigwa hatozwi faini.

Kuna kambi Dar es Salaam inayokusanya vijana wa besiboli na kuwanoa kwa mashindano ya skuli, yale yaitwayo Koshien kwa kufuata jina la mashindano makubwa ya skuli za Japani, maana Wajapani ndio waliotufundisha mchezo huu. Kambi imebakiwa na nafasi moja ya mrushaji. Mwalimu wa skuli moja upande wa Wete akatuma video ya simu: kijana mrefu, miguu mitupu, anarusha mpira unaomrudisha mdakaji nyuma hatua nzima. Mkuu wa kambi akanipelekea video ile na ujumbe mfupi. "Mtoto ana moto. Mkono umeshamuumiza mara mbili. Kamtazame, unijibu ndiyo au hapana."

Ndiyo au hapana, kama mtu aliyetumwa sokoni kugonga tikiti.

Boti ilifungua kamba saa nne usiku. Tulipofika mkondo wa Nungwi bahari ikaanza vitimbi vyake, mifuko ya plastiki ikagawiwa, na bibi aliyekaa pembeni yangu akaleta nyiradi kwa sauti, nami nikamwitikia kimoyomoyo. Usingizi ulikataa. Nikawa namuwaza R. A. Dickey, mrushaji wa Marekani.

Mwaka 1996 timu ya Texas Rangers ilimchagua Dickey na kumwahidi dola 810,000. Kabla hajatia saini, mtu wa tiba wa timu akaona picha yake kwenye jalada la gazeti, kasimama na warushaji wenzake, na mkono wake wa kulia unaning'inia kwa namna isiyo ya kawaida. Wakampeleka kupimwa. Ikaonekana kiwiko chake hakina kabisa ule ukano wa upande wa ndani, unaoufunga mfupa wa juu na wa chini. Ahadi ikaporomoka hadi dola 75,000. Mwaka 2012 bwana huyo huyo akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, kwa mpira wa taratibu unaoyumba hewani mpaka mpigaji hajui auvizie wapi.

Sisemi kila kiwiko kibovu kina Dickey ndani yake. Wengi walioonekana na kasoro walirudi makwao na hakuna aliyewaulizia tena. Kinachonivutia ni kwamba siri ile iligunduliwa mkono ukiwa umetulia, hausukumi wala haurushi kitu.

Jumamosi, Mkoani mpaka Wete

Tulishuka Mkoani alfajiri. Gari la 603 mpaka Chake, halafu la 606 mpaka Wete, dereva anasimama kila palipo na mtu na gunia. Msimu umepamba moto: karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kila uani na kandokando ya lami, harufu inakuingia garini hata ukifunga dirisha.

Jina la kijiji naliacha. Kijana ana miaka 16, na habari za mwili wake si za kutangazwa.

Nikapita kwa sheha kwanza kujitambulisha, kisha nikapelekwa nyumbani kwao. Kijana hayupo. "Yuko juu," akasema mama yake, na kidole akakielekeza kwenye mikarafuu.

Basi nikamwona mtini kabla sijamwona na mpira. Kajibana kwenye tanzu karibu na kilele. Mkono wa kulia umeshika ngoe, anavuta tawi la mbali lije. Wa kushoto unakonyoa vichala na kuvitia kwenye pakacha. Tawi likiisha analiachia, anavuta jingine. Kila mvuto unaanzia begani na kumalizikia kwenye kiwiko. Nilikaa chini ya mti nikianza kuihesabu mivuto ile, nikaacha njiani, mingi mno. Madaftari ya besiboli hayaiandiki, lakini kiwiko kinaiandika.

Alipoteremka alinipa mkono wa kulia, kwa adabu, akauchukua haraka kuliko kawaida.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mkono hujambo?"

"Haujambo. Mzima kabisa."

Hakuna mrushaji duniani atakayekujibu vingine siku ya kwanza. Vijana wa umri huu wanauficha mkono unaouma kuliko wanavyoficha sigara.

Usiku tukakaa uani kuchambua, mama, ami yake, dada zake, jirani, na mgeni pia nikapewa fungu langu. Unakishika kichala, unakibana kwenye kiganja na kukisokota, karafuu zinadondokea huku, makonyo unatupa kule. Kazi ya vidole na kifundo, haitaki nguvu. Kijana alisokota kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia aliulaza pajani, kiganja juu, vidole viwili vya mwisho vimekunjika kidogo. Mtu wa kulia! Nikaandika kwenye daftari bila kuinua kichwa.

Walipomaliza, mama akatoa kichupa cha mafuta ya makonyo, akamkanda mwanawe kiwiko mpaka ngozi ikang'aa. Mafuta yale yana kitu kinachotia ganzi, ndiyo maana madaktari wa meno nao huyatumia. Nikamwomba, kwa heshima, kesho asimkande kabla hatujatoka uwanjani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nataka kusikia kinachouma, Bi Mkubwa."

Jumapili, uwanjani

Uwanja wa skuli una mbuzi, kisiki cha mnazi kinachosimama badala ya nguzo ya mpaka, na kilima cha mrushaji kilichofinyangwa kwa kifusi na udongo mwekundu. Vifaa viliachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyewahi kufundisha hapa: glavu zilizoshonwa na kushonwa tena kwa uzi wa nyavu, magongo mawili ya aluminiamu, na mipira ambayo ngozi yake imekwisha kuwa rangi ya udongo wenyewe. Kwa vifaa hivi nimeshangaa wanacheza vizuri kiasi gani. Wanajua kukimbia beisi, vile vituo vinne vya kuzungukia, wanajua kulindana, na kelele zao ni za Kipemba halisi.

Kabla ya lolote nikatoa kamba. Kutoka kwa mrushaji mpaka kibao cha mpigaji ni mita 18.44, hapa tulipata 16 na nusu. Mwalimu wa michezo akanyamaza kidogo. Tochi haijali umbali, lakini video ile iliyotikisa Dar, yenye wapigaji wanaochapa hewa mpira umeshapita, ilikuwa imewanyima wapigaji wale karibu mita mbili za kufikiri. Tukakirudisha kibao nyuma, mbuzi wakahamishwa.

Kisha nikamsimamisha kijana, mikono yote mbele, viganja juu. Wa kushoto ukanyooka sawa. Wa kulia ukaishia njiani, kiwiko kimebaki na kipinda kama cha upana wa vidole viwili. Nikauliza kama ndivyo alivyozaliwa. Akasema hajui. Mama yake, aliyekuja kusimama chini ya mwembe na kanga imefunikwa mpaka puani, akatikisa kichwa: hapana.

Mfukoni nilikuwa na komwe 30 za bao. Kila mpira, komwe moja inahama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, zikiisha zimeisha. Idadi hiyo sikuiokota. Ligi kuu ya Marekani pamoja na chama cha besiboli cha huko wana mwongozo uitwao Pitch Smart. Kwa wenye miaka 15 na 16, mwisho wa siku ni mipira 95. Akirusha mpaka 30 hadaiwi siku ya mapumziko. 31 mpaka 45 anadaiwa siku moja. Akifika 76 na kuendelea anadaiwa siku nne. Mkono ambao sijui unadaiwa nini, sithubutu kuuongezea deni.

Akarusha.

Nitasema kweli: ule wa kwanza ulinisahaulisha tochi. Aliinua goti la kushoto polepole, akakaa hapo kitambo kuliko nilivyotarajia, kisha mwili wote ukamiminika mbele na mkono ukaja nyuma kabisa, wa mwisho, kana kwamba hauhusiki. Glavu ya mdakaji ikalia. Hakuna aliyemfundisha vile. Unaweza kukaa na kijana miaka mitatu ukimwomba achelewe kuuleta mkono namna ile na asiweze. Nikajikumbusha kazi yangu, nikainua tochi: kilomita 118 kwa saa. Kisha 121. Mpira wa saba, 124. Nyuma yangu mtu akaleta takbiri.

Kwenye komwe ya kumi na tisa mambo yakaanza kubadilika, na tochi haikuwa ya kwanza kuyaona. Kwanza ilikuwa miguu: hatua ya mbele ikafupika. Halafu kiwiko, kilichokuwa kikipita usawa wa bega, kikaanza kushuka, na mpira ukawa unapaa juu ya kichwa cha mdakaji. Baina ya mrusho na mrusho akawa anaupangusa mkono kwenye suruali, na kidole gumba kinakwenda kubonyeza upande wa ndani wa kiwiko, mara moja, haraka, kabla mtu hajaona. Tochi ikafuata baadaye: 117, 115, 112. Akakung'uta vidole. Nikakusanya komwe sita zilizobaki nikazifunga kwenye leso.

"Bwana! Umemkatiza ndio kwanza anachemka!" Mwalimu wa michezo alikuja mbio. Ni mtu mwema, nisieleweke vibaya. Bila yeye pale pasingekuwa na besiboli, mshahara wake anaununulia nyuzi za glavu. "Huyu hachoki. Wiki iliyopita kacheza mechi tatu ndani ya siku tano, zote yeye."

"Alirusha mipira mingapi?"

"Hatuhesabu mipira, tunahesabu wapigaji waliotolewa."

Akaniletea daftari. Kwa wapigaji aliowakabili katika mechi moja tu, hesabu haiwezi kushuka chini ya mia. Mara tatu, kwa siku tano, na baina ya hizo siku alikuwa juu ya mkarafuu na ngoe. Japani kwenyewe, ambako mrushaji kumaliza mashindano peke yake kulikuwa sifa ya kuimbwa, mashindano ya skuli yamewekewa kikomo cha mipira 500 kwa wiki tangu 2020, na wapo wanaosema bado ni mingi.

"Sasa kama ni fainali," mwalimu akaniuliza, na swali lake lilikuwa la haki, "nimweke pembeni, tufungwe?"

Nikamhadithia Roki Sasaki, mrushaji wa Kijapani. Mwaka 2019, akiwa skuli huko Ofunato, alirusha mpira wa kilomita 163 kwa saa. Julai timu yake ikafika fainali ya mkoa wa Iwate. Ushindi mmoja tu na wanakwenda Koshien. Kocha wake hakumchezesha. Hakuwa ameumia, kocha alisema alikuwa amekwisharusha mingi na hatari ilikuwa kubwa. Wakafungwa 12 kwa 2, na simu za lawama zikamiminika skuli. Aprili 2022, akiwa na miaka 20, Sasaki alicheza mechi kamili akiichezea timu ya Chiba Lotte Marines, hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika beisi, na 19 aliwatoa kwa straiki, bila wao kuuweka mpira uwanjani.

"Umeona? Akapona," mwalimu akasema.

"Akaenda Los Angeles Dodgers 2025, bega likamweka nje miezi mingi."

Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa mwisho wa hadithi. Sikuwa na mwisho mwingine wa kumpa.

Jumatatu, asubuhi yake

Kwa mimi hii ndiyo siku niliyoijia Pemba. Mkono wa mrushaji siku ya kurusha una joto, una watu wanaoushangilia; utakuambia uongo mtamu. Watafutaji vipaji wengi wanapanda gari jioni ile ile na namba zao kwenye daftari. Nilimwomba ami nilale, nikaamka nao sala ya alfajiri.

Kisimani ndoo aliivuta kwa kushoto, kamba akaikanyaga kwa mguu kila alipohitaji mkono wa pili. Kola ya shati la skuli alifungiwa na dada yake. Tulipokaa kunywa chai na mkate wa kumimina nikaona lile ambalo tochi isingeliona abadan. Kushoto hali mtu kwenye nyumba ya Kiislamu. Kijana akashika kipande kwa mkono wa kulia kama alivyolelewa, lakini kiwiko kikakataa kukunja njia iliyobaki, basi akainamisha kichwa akaufuata mkate mpaka karibu na sahani. Alilifanya kwa wepesi wa mazoea. Hakuna pale mkekani aliyelishangaa. Walishazoea kumwona akila hivyo.

Nikasubiri mama atoke na vyombo.

"Vidole hivi viwili," nikagusa cha pete na cha mwisho, "vinafanya nini?"

Akatazama mlangoni. "Vinakufa ganzi. Usiku zaidi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ta."

Basi ikatoka yote. Mara ya kwanza ilikuwa miaka mitatu nyuma: tawi lilivunjika, akaanguka na kuukingia mkono. Walimpeleka hospitali, akafungwa, akafunguliwa, akarudi mtini msimu uliofuata. Mara ya pili ni mwaka huu, baada ya Idi, katikati ya mechi: alirusha, akasikia ndani ya kiwiko kitu kimefanya *ta*. Mpira ukaenda kwenye mbuzi. Akakaa wiki mbili, mama akamkanda, maumivu yakapungua, akarudi. Hakumwambia mwalimu kuhusu *ta* kwa sababu mwalimu angemwambia mama.

Mama alirudi na bahasha ya kaki. Ndani mna picha ya eksirei ya ule mwaka wa kuanguka, imekunjwa mara moja katikati. Tukaibandika kwenye nondo za dirisha jua lije kwa nyuma. Mimi si daktari. Lakini hata mimi niliona kwamba upande wa ndani wa kiwiko, pale panapotokeza kijifupa unachoweza kukigusa kwa kidole, kuna kipande kidogo kimekaa mbali kidogo na mwenziwe. Kwenye umri ule sehemu ile bado inakua, haijashikana sawasawa na mfupa, na ndipo ukano unapojishikiza. Mtu mzima akirusha kupita kiasi ukano ndio unaochanika. Mtoto mara nyingi ni mfupa unaonyofoka. Huyu alianguka akiwa mtoto na anarusha kama mtu mzima, kwa hiyo huenda kaonja yote mawili.

Jioni, barazani, walikuja watu. Habari ya mgeni mwenye tochi ilikuwa imefika mpaka kwa wauza pweza. Wakataka kujua kama kuna dawa, nikawahadithia Tommy John: mrushaji wa Dodgers, ukano umekatika 1974, daktari Frank Jobe akachukua ukano mwingine kwenye mkono wake wa pili, akatoboa mifupa ya kiwiko na kuupitisha humo. Alimpa nafasi moja katika mia. Akarudi uwanjani 1976, akarusha mpaka 1989, na ushindi 164 kati ya 288 wake aliupata baada ya kupasuliwa.

"Ukano gani huo wa akiba?" ami akauliza.

Nikawaonyesha. Gusisha kidole gumba na cha mwisho, kunja kifundo kidogo kuja kwako, na katikati ya kifundo ukano utasimama peke yake. Baraza nzima ikafanya. Wazee, watoto, muuza kahawa kaweka dele chini. Kuna watu hawana kabisa na hawapungukiwi chochote, na ami akawa mmoja wao, mkono wa kushoto mtupu. "Ami kapunjwa!" Kicheko kikafika barabarani. Kijana alikuwa nao, yote miwili, umesimama sawasawa. Aliutazama kuliko wengine walivyoutazama wao.

Mama yake hakucheka. "Kwa hiyo watoe huku watie huku, na kesho yake arushe?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Mwaka mzima, pengine na nusu, wa mazoezi. Na hatujui kama anahitaji. Watoto wengi hupona kwa kuuacha mkono utulie tu."

"Kutulia nani atachuma?"

Hilo mwongozo wa Pitch Smart haujibu.

Jumanne, hospitali

Foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Daktari kijana, mpole, alibonyeza mle mle ambamo kidole gumba cha kijana kilikuwa kikipita uwanjani, na kijana akaruka. Eksirei mpya: kipande kile bado kipo, hakijashikana vizuri. Ukano hauonekani kwa eksirei, akasema. Unahitaji kipimo cha MRI, na kwa hilo akamwandikia rufaa ya taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Mpaka majibu yatoke, asirushe kitu chochote. Nikamwomba daktari aandike na karafuu. Akacheka, kisha akaandika kweli: *asipande, asivute ngoe.* Karatasi ile yenye muhuri nina hakika itamsaidia kijana kuliko maneno yangu yote.

Jumatano, simu

Asubuhi kijana alinijia na mpira mkono wa kushoto. Alikuwa amelala akiliwaza. Akalenga kisiki cha mnazi, nikampigia tochi: 71. Ukampita mbuzi mmoja kwa upole kabisa. Tukacheka, naye akacheka, lakini akarusha tena, na tena, mpaka nikamwambia basi, mwili ni mmoja.

Nikamwambia apige badala yake, akishika gongo kwa upande wa kushoto, na kwa mipira ya taratibu tu. Daktari alikataza kurusha, hakukataza hili, lakini niliangalia uso wake kila alipochapa. Jicho analo. Anaiacha mipira mibaya, kitu ambacho kwa umri wake ni adimu kuliko kasi. Kijana kama huyu anaweza kusimama beisi ya kwanza, ambako warushaji wachache wanakubali kwenda na ambako mkono hautumiki sana. Nikaliandika hilo.

Mchana mkuu wa kambi akapiga. "Ehe, ndiyo au hapana?"

Nikamsomea: mtupo wa kuzaliwa nao, 124 na angeweza zaidi, kiwiko hakinyooki, vidole vina ganzi, mfupa una kipande kilicholegea, kasi inaanguka baada ya mipira 18, kazi ya nyumbani inautumia mkono ule ule kila siku ya msimu. Asirushe mpaka apimwe. Nafasi ya mrushaji mpeni mwingine. Huyu mchukueni kama mpigaji baada ya msimu, na mkono wake uwe na mtu wa kuuhesabia.

"Nilikutuma mrushaji, umeniletea mgonjwa."

"Mgonjwa alikuwepo kabla sijaja."

Akavuta pumzi. Kisha akaja na shauri: kambi italipa kipimo cha MOI, lakini majibu yaje kwao kwanza. Kiwiko kikiwa kizima watamchukua kama mrushaji. Kikiwa kibovu wataona la kufanya.

Hapo nikamkumbuka Brady Aiken, mrushaji kijana wa Marekani. Houston Astros walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2014, kwenye ule mgao ambao timu huchagua vijana wapya kwa zamu, wakakubaliana dola milioni 6.5. Wakampima, wakasema ukano wa kiwiko chake si kama wa wengine, wakateremsha bei. Familia ikakataa, mkataba ukafa. Machi 2015 kiwiko kikaachia, akapasuliwa; Cleveland wakamchukua wa 17 mwaka huo, na ligi kuu hakufika. Watu huihadithia ile kuonyesha kwamba timu ilikuwa sahihi, na kweli ilikuwa sahihi. Mimi huniuma mahali pengine. Picha ni ya kiwiko cha mtoto, na aliyekaa nayo mezani akipanga bei ni mtu mwingine.

Alhamisi, Mkoani

Ami na kijana watavuka wiki ijayo. Nauli ami kauza magunia yake mapema kidogo, iliyobaki nimeongezea mimi. Mama kaning'iniza karatasi ya daktari mlangoni, pale wachumaji wanapopita kuchukua mapakacha, ili asiulizwe maswali na kila mtu. Mwalimu wa michezo kaniomba zile komwe 30. Nimempa, na nimemwandikia kwenye jalada la daftari lake ile hesabu ya mipira na siku za kupumzika. Tayari ana mrushaji wa pili anayemfundisha, mtoto mfupi wa darasa la saba mwenye shabaha kuliko nguvu.

Mkuu wa kambi nimemwandikia kwamba kipimo alipe, tutashukuru. Nakala ya kwanza ya majibu itatiwa mkononi mwa mama, pamoja na mtu wa kumsomea. Ya pili ndiyo yao. Kama sharti hilo halimfai, tutachanga, na kambi itasikia habari za kiwiko kile siku mwenyewe atakapotaka kuwaambia. Ujumbe umesomwa. Boti inapakia magunia, jibu bado.